Nirudishieni Mume Wangu Kutoka kwa Askari Wenu

Waithaka, Jumanne

Kwa Msimamizi,
Makaburi ya Askari Waliofia Ugenini,
Barabara ya Ngong.

Bwana Msimamizi,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Mimi ni Virginia Wangu, mke wa Kiragu, yule mfupi anayekata nyasi hapo kwako, huu mwaka wa kumi na tisa. Naandika bila yeye kujua. Yuko kazini, kama kawaida.

Sina ubaya na askari. Walitoka mbali wakafia kwetu, Mungu awalaze pema. Lakini ndugu yangu, wananimalizia ndoa. Sikia.

1. Nyasi zao zimenyolewa kama kichwa cha bwana harusi. Zangu zimefika kiunoni. Juzi tulimtafuta mbuzi humo hadi saa kumi.

2. Alipokubali kunisaidia shambani alikuja na kamba ya kupimia. Sukuma wiki yangu sasa imesimama kama gwaride, na nikichuma ananiuliza mbona nimeharibu safu.

3. Akiingia jikoni anavua kofia na kunong'ona. Nikimwambia, "Baba Shiku, ongea, mimi ni mzima," ananijibu, "Najua, ni mazoea tu."

4. Nilipotimiza miaka hamsini na minne alinichongea jiwe jeupe, akalisimamisha langoni: jina langu, mwaka niliozaliwa, kistari, halafu nafasi. Kina mama wa kanisa walilisoma wakipita. Kufikia jioni walikuwa wamejaa uani na unga, sukari na nyimbo za maombolezo. Nikawafungulia mlango mwenyewe. Debra, mwenyekiti wetu, alizimia, na hajanisamehe mpaka leo.

5. Nilipolalamika alisema, "Mama Shiku, hao vijana hawana mtu hapa. Wewe unaye mimi." Nimemtafuta huyo ninayeambiwa ninaye. Yuko kwako Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada anapitia hapo "kuangalia kidogo".

Nimefunga na kuomba, na jibu nimepata. Kwa kuwa mume wangu humtunza aliye askari, aliyekufa, tena mbali na kwao, naomba uniandikishe jeshini. Goti la kushoto linanisumbua, lakini sitahitaji kukimbia, nitahitaji kufa tu. Nikifa askari wa Kenya nitazikwa nyumbani kwenye zile nyasi, haitasaidia. Basi nitafutie nchi ya mbali inifanye raia wake, inipe sare, halafu initume vitani Nairobi. Vita viwe hapo mtaa wa Jamhuri, jirani na makaburi, msihangaike kunibeba. Naomba safu ya mbele, anifikie asubuhi kabla hajachoka.

Ikishindikana, mwambie tu awe anatoka saa kumi na moja.

Wasalimie wa ofisini, mlinzi wa langoni, na hao vijana, safu kwa safu.

Ni mimi dada yako katika Bwana,
Virginia Wangu (bado mzima)

Tanbihi: Barua nimeileta mwenyewe. Mlinzi aliponiambia nisubiri, nilimwona Kiragu amepiga magoti akisugua jiwe kwa mswaki. Aliyelala hapo alikuwa na miaka ishirini na mbili. Maina, kitindamimba wetu, ana hiyo hiyo, na yuko Uarabuni kwa kazi ya ulinzi. Nilimfikiria mama wa huyu, nikaomba mswaki. Sasa lalamiko langu ni moja: ile safu ya nyuma imeota ukungu hata majina hayasomeki. Kiragu asiruhusiwe kutoka saa kumi na moja kabla hatujaimaliza.