Ski Moja Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimejiponza mwenyewe. Jana mchumba wangu Aloo alikuwa akimsifu Sydney, mfanyakazi mwenzake, eti anavutwa na boti ziwani akiteleza kwa ski moja, ule ubao mwembamba wa kusimamia juu ya maji, huku na huku kama anayesuka mkeka. Nikasema hata mimi huteleza. Kwa ski moja. Tangu utotoni! Nimezaliwa Bungoma, na maji mengi kabisa niliyoyaona utotoni yalikuwa ndani ya pipa.

Aloo akasema vizuri sana. Mama yake anatoka Usenge Jumamosi kuja kunitazama kabla hajakubali nipeleke ayie, ile zawadi ya kwanza ya mama mkwe. Na Opondo, kaka yake Aloo, ana boti pale ufuo wa Dunga, hapa Kisumu; atanivuta mama akitazama. Mama akiridhika, harusi. Asiporidhika, Aloo haolewi bila baraka zake. Nampenda huyu mwanamke kuliko chochote. Ziwa nalo naliogopa kuliko chochote.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi. Mimi ni msimamizi wa stoo katika duka la magodoro, kwa hiyo pa kuangukia papo. Nilimwaga maji ya sabuni sakafuni, nikapanda juu ya ubao wa kupigia pasi, na Wandera mpakia mizigo akanivuta kwa kamba. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilifika rafu ya mito. Kisha nikaipita. Baadaye bosi aliuliza kwa nini godoro jipya lina alama za meno. Nikasema panya. Akautazama mdomo wangu, akaondoka.

Jioni Sydney alinipigia simu kunipa mawaidha. Mikono ninyooshe, magoti nikunje, nitazame mbali, si miguuni. Hatari ni yale mawimbi mawili yanayoachwa na boti. Niyavuke kwa nguvu, nisisite hapo juu kuwaza. Tena boti iende mbio na isijae watu, maana boti nzito ikienda polepole huchimba maji na kuinua wimbi kubwa. Nilimshukuru. Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka nivutwe mbio nife, tena bila mashahidi!

Ijumaa, 6 Juni

Nimepindua ushauri wa Sydney kuhusu boti. Opondo ataenda polepole. Boti itajaa: nimewaalika shangazi zake Aloo wote, wanawake wenye afya zao, wanione kwa karibu. Mama mwenyewe atakaa kiti cha nyuma. Opondo alisita, akanikumbusha kwamba kwao, kama kwetu, mkwe hamkaribii mama mkwe, hata mkono hawapeani. Nikamjibu kuwa ile kamba ni ndefu kuliko sebule yoyote ya Kisumu. Heshima itakuwepo, tena imenyooshwa.

Pia nimenunua kaptura. Nyekundu, fupi, ya kubana. Fundi hujulikana kwa mavazi yake.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa nimefunga koti la Sydney kiunoni.

Nilisimama. Naapa nilisimama! Nikatazama mbali kama nilivyoambiwa. Mbali nikaona migongo. Mama mkwe alipoyaona mapaja yangu yakimetameta aligeukia mbele upesi, na shangazi wote wakageuka naye kwa adabu. Opondo alikuwa anaendesha. Aloo na Sydney walikuwa ufuoni. Hapakuwa na jicho hata moja nyuma ya boti.

Nikaamua kulivuka wimbi, wakisikia kishindo watageuka. Lakini lile wimbi lilikuwa limeinuka kama paa la nyumba. Shangazi hao ni wazito, jamani. Nilipofika juu nikasita kuwaza. Ski ikaelekea Uganda, mimi nikaelekea chini. Nikaibuka na jaketi langu la kuelea, nikapunga mikono, nikaita. Wao walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa. Boti ikaenda zake, kamba tupu ikirukaruka nyuma. Nikabaki kwenye magugu maji, nikiomba kiboko awe ameshiba.

Sydney alikuja kunichukua kwa mtumbwi wa kuazima. Hakucheka, na kwa hilo sitamsamehe. Kaptura ilibaki na magugu.

Aloo alilia kwa hofu, halafu kwa hasira. Akaniambia, "Wechuli, si ungesema tu hujui? Mimi nilitaka wewe, sikutaka ski." Niliona aibu ambayo koti lile halikuweza kuifunika.

Jumapili, 8 Juni

Mama amekubali! Opondo aliniletea habari baada ya kanisa. Mama anasema hajawahi kuona kijana mwenye adabu hivi: alipogundua amevaa vibaya mbele ya wakwe, akaachilia kamba mwenyewe, akajificha majini. Maneno yake ni haya: "Huyo anajua heshima. Akuje Usenge na ayie. Lakini akuje na barabara, na avae longi ya kufunika miguu."

Aloo ameniambia niachane kabisa na maji. Nimekubali kwa moyo wote.

Kisha nikakaa kutafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona: kaptura. Barabara ni ya kila mtu, na Usenge iko ufuoni. Siku ya ayie nitatokea ziwani kwa ski moja, nimevaa suti. Safari hii botini watakaa wajomba zangu kutoka Bungoma, wanaume wa miraba minne, ambao hawana sababu ya kunigeuzia mgongo. Nimewapigia simu na wote wanakuja. Mwenye boti ya kubebea omena, wale dagaa wa ziwani, naye nimempata, nikamsisitizia aende polepole.