Mahari ya Mtamba

Jumanne, 8 Juni 1954. Njombe.

Daftari, niwie radhi. Miezi saba sijakufungua. Mara ya mwisho niliandika habari za ukungu na majina ya watoto waliochelewa shule. Kesho yake Hulda, mke wangu, akafariki. Baada ya hapo sikuona la kuandika. Mtu aliyefundisha miaka ishirini na tisa hapaswi kutoa udhuru wa namna hiyo. Lakini ndio nilio nao.

Leo nimepata la kuandika. Nilikwenda Makambako kwa lori la mbao, kununua mafuta ya taa. Lori likazimika mbele ya kambi ya barabara. Akatoka fundi wa kambi kulitazama: Bwana Gunadasa, Mseiloni wa kile kisiwa cha kusini mwa Bara Hindi, mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kiswahili alijifunza Dar es Salaam na kinahitaji kazi. Nilimsahihisha mara mbili. Alinishukuru mara zote mbili. Jambo hilo liliniudhi kidogo.

Ukutani mwa karakana pana picha ya mtu aliyeketi, amefumba macho. Niliuliza kama huyo ndiye msimamizi wa barabara. Akasema ni Budha, na kwamba hakulala. Yeye ndiye aliyeamka, sisi ndio tuliolala.

Halafu, akiwa chini ya lori, miguu tu ikionekana, akanieleza kwamba kwao mtu akifa hakomi. Huzaliwa tena. Pengine mtu, pengine mnyama, kulingana na matendo yake na jinsi moyo wake ulivyoshikamana na mambo. Nilipiga magoti kwenye mafuta machafu ili nisikie vizuri. Nikauliza, huzaliwa mbali au karibu? Akasema hakuna ajuaye, ila wazee wa kwao husimulia kwamba wengi hurudi karibu na wale waliowapenda. Akaendelea muda mrefu na habari za taa inayowasha taa nyingine, moto si ule ule wala si mwingine. Sikuzishika. Nilikuwa nahesabu miezi.

Mimi ni mzee wa Kanisa la Kilutheri. Haya nayaandika humu tu.

Alhamisi, 10 Juni.

Ushahidi. Hulda alifariki Jumanne, tarehe 3 Novemba. Kaka yake, Hezekia, ana mtamba wa miezi saba. Mwekundu, paji la uso jeupe. Hulda alivaa kitambaa cheupe kichwani siku zote. Mtamba akiitwa hugeuza shingo upande wa kushoto. Hulda alikuwa hasikii vizuri kwa sikio la kulia.

Sihitaji zaidi.

Nilikwenda kwa Hezekia asubuhi, chumvi mfukoni kwa adabu ya mgeni. Mtamba aliniangalia. Alinifuata kutoka zizini hadi mlangoni na kurudi. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa Hulda hakunifuata hivyo hata mara moja. Lakini kifo chaweza kumlainisha mtu.

Fidelia, mke wa Hezekia, alisema mtamba anafuata chumvi. Fidelia aliishia darasa la pili.

Jumamosi, 12 Juni.

Mpango wa kwanza. Kumpata mtamba bila kutaja sababu. Nilimwahidi Hezekia kondoo wangu wawili na saa ya ukutani. Alikataa. Nikaongeza baiskeli. Akauliza kwa nini mzee wa miaka sitini na mmoja atoe baiskeli kwa ndama. Nikasema ni kwa ajili ya maziwa. Akasema ndama huyu hana maziwa, hata mtoto analijua hilo. Akauliza tena; nikasema ni kwa ajili ya samadi. Akauliza mara ya tatu. Nikamwambia.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikung'uta kiko chake.

"Mlamu," akasema, "kama huyu ni ng'ombe, simtoi. Na kama ni dada yangu, basi amerudi kwao. Umemkuta hapa hapa ulipomkuta mara ya kwanza. Njia unaijua. Tafuta mshenga."

Nilimkumbusha kwamba mwaka 1922 nilitoa ng'ombe mmoja, mbuzi wawili na majembe manne. Akasema hayo yalikuwa ya yule tuliyemzika. Nilimuuliza kama anafanya mzaha. Akasema mambo ya mahari hayafanyiwi mzaha katika nyumba ya baba yake. Akaongeza kwamba, mpaka yakamilike, mchumba anaruhusiwa kuja kuwasaidia wakwe kazi, kama desturi ilivyo.

Nimepasua kuni hadi saa saba. Mikono imechubuka. Mtamba alikuwa akinitazama.

Jumatatu, 14 Juni.

Mshenga wangu wa mwaka 1922 alikuwa Enoki. Bado yu hai, kwa bahati mbaya. Tunakaa benchi moja la wazee kanisani na hatujasalimiana kwa furaha tangu alipochaguliwa kuwa mweka hazina badala yangu. Lakini mshenga habadilishwi. Aliyeianza njia ndiye anayeijua.

Nilimweleza kwa ufupi. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema atakwenda, kwa sharti moja: Jumapili hii yeye ndiye atakayesoma somo kanisani, si mimi. Enoki husoma kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Nilikubali. Hulda ataona jinsi ninavyojinyima kwa ajili yake.

Jumatano, 16 Juni.

Makambako tena, kutafuta ushauri wa kitaalamu. Nilimweleza Bwana Gunadasa kila kitu. Aliweka spana chini. Akasema hakunifundisha hivyo. Akasema Budha alifundisha kwamba mateso yana mzizi, na mzizi wake ni kiu: kutaka kilichoondoka kirudi, kutaka kilichopo kisiondoke. Akasema akili ni kama ndama asiyezoea kamba. Mfunge kwenye nguzo. Nguzo ni pumzi. Keti, vuta pumzi, toa pumzi. Ndama atarukaruka, kisha atalala.

Niliuliza ni ndama wa rangi gani. Akasema ni mfano tu.

Alinifundisha pia kuwatakia viumbe wote heri. Unaanza na nafsi yako, kisha umpendaye, kisha mtu usiye na habari naye, mwisho usiyempenda. Nilijaribu ndani ya lori wakati wa kurudi. Mimi niwe salama. Hulda awe salama. Dereva awe salama. Enoki awe salama. Hili la mwisho nililisema tulipokuwa tumekwisha kufika Njombe.

Nimeielewa hoja. Kiu ni mbaya. Nitaimaliza ifikapo Jumapili, kwa sababu ni wazi kwamba Hulda atarudi upesi zaidi kwa mtu asiye na kiu.

Alhamisi, 17 Juni.

Siku ya posa. Enoki alivaa koti la kanisani. Mimi nilibeba jembe jipya na blanketi. Blanketi ni lile la Hulda, la mistari ya buluu. Sina jingine zuri. Usiku nitatumia gunia.

Tulikaa nje mpaka tukaitwa, kama inavyopasa. Enoki akasema tumeona moshi juu ya paa la nyumba hii, tumekuja kuomba moto. Alisema vizuri, siwezi kukana. Hezekia akauliza maswali yale yale ambayo baba yake aliuliza mwaka 1922. Mchumba ana nyumba? Enoki akajibu anayo, ya bati. Ni mlevi? Hapana. Ana mkono mwepesi? Hapana, ana ulimi mwepesi, lakini hilo halijamuua mtu. Nilivumilia.

Kisha Hezekia akauliza: "Anakaa nyumbani?"

Swali hilo mwaka 1922 halikuwepo. Enoki alinitazama. Fidelia aliinuka akaenda kuchungulia chungu ambacho hakikuwa motoni.

"Sasa ninakaa," nikasema.

Mchumba haruhusiwi kusema mbele ya mshenga wake. Hakuna aliyenikemea. Hezekia alipokea jembe. Blanketi alilishika mkononi muda mrefu, akiutazama mshono wa pembeni.

Mtamba alikuwa nje, anakula ua la maboga.

Jumapili, 20 Juni.

Enoki alisoma somo. Aliruka mstari mzima. Nilimtakia heri kwa shida.

Baada ya ibada nilikwenda kwa Hezekia kuifunga akili kwenye nguzo. Niliketi kwenye kigoda, mtamba mbele yangu. Nilivuta pumzi, nikatoa. Pumzi ya nne, akili yangu ikawa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ya saba, ikawa Makambako, siku ile ya Novemba.

Nikaona ni afadhali nimwambie mtamba mwenyewe. Nikamwambia. Kwamba asubuhi ile alikuwa na homa, akasema, "Leo usiende. Kaa nami kidogo." Kwamba nilimjibu mkutano wa walimu Makambako hauahirishwi kwa sababu ya homa. Kwamba katika mkutano huo tulijadili chaki. Kwamba niliporudi jioni walikuwa wamekwisha kumfunika. Nikamwambia sasa nimekuja kukaa. Nimestaafu. Sina mkutano wowote.

Mtamba alicheua.

Hezekia alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Nilitegemea maneno makali. Alivuta kigoda cha pili. Akauliza kama nakumbuka siku Hulda alipompa mkaguzi wa shule kisu akamwambia amenye viazi, kwa kuwa hakuna anayekula bure. Nilikumbuka. Mkaguzi alimenya debe zima. Hezekia alicheka hadi akakohoa. Akataka nyingine. Nikampa ile ya Hulda na nyuki. Akataka nyingine tena. Ukungu ulituteremkia, Fidelia akaleta viazi vya kuchoma, na tulikuwa bado tunaongea.

Nimepoteza mchana wote wa mazoezi.

Jumanne, 22 Juni.

Pigo.

Mambo yakifanywa yafanywe sawasawa. Niliandika hati ya posa, nakala mbili, kwa wino. Jina la mchumba. Jina la mshenga. Kuzaliwa kwa bibi arusi: nikaacha nafasi. Nilikwenda kumuuliza Hezekia tarehe. Akasema hakumbuki. Nikamwambia mtu anayekumbuka maswali ya mwaka 1922 hawezi kusahau tarehe ya mwaka jana. Akasema tuache. Nikasema hati haiachwi wazi.

Akaniambia. Mtamba alizaliwa Jumapili, tarehe 25 Oktoba. Siku tisa kabla ya kifo.

Tena Hulda alikuwepo. Alipita huko kutoka kanisani, akamkausha ndama kwa nyasi kavu, akamsimamisha kwa mikono yake. Mimi Jumapili hiyo nilikuwa nyumbani, nasahihisha madaftari. Aliporudi sikumuuliza alikotoka.

Nilimuuliza Hezekia kwa nini alinificha. Nilimuuliza kwa sauti ya darasani.

"Ungeacha kuja, mlamu," akasema. "Tangu tumzike, hapa uani hakuna aliyelitaja jina lake. Mimi siwezi kulianza. Ukilianza wewe, naweza."

Amenirudishia jembe. Amenirudishia blanketi, Fidelia alikuwa amelifua na kuurudishia mshono wa pembeni. Akasema nije Alhamisi ya wiki ijayo, kama nitapenda. Nikauliza, kwa sababu gani, maana posa imevunjika. Akasema hakuna sababu, nije tu.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini njia nzima ya kurudi. Ni wazi anataka mtu wa kumpasulia kuni.

Ijumaa, 25 Juni.

Makambako mara ya tatu. Nilimuuliza Bwana Gunadasa kama inawezekana roho ikatangulia siku tisa kabla ya mwili kufa, hasa kwa mwanamke aliyependa kuwahi mambo. Akasema haiwezekani. Nikauliza, hata kwa siku nane? Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaniuliza huyo shemeji yangu ana hali gani. Nikasema hajambo, ila amekuwa mtu wa kuongea sana. Akasema, "Basi, Mwalimu, keti na huyo aliyepo." Akarudi chini ya lori.

Ni mtu mwema lakini hajibu swali analoulizwa. Nilimtakia heri, pamoja na viumbe wote.

Sasa sikiliza. Wakati wa kurudi, lori lilisimama Kichiwa kupakia magunia. Nilishuka kunyoosha miguu. Kwa mkulima mmoja, Odilo, nimeona ndama. Niliuliza tarehe kwanza, safari hii. Tarehe 3 Novemba! Jioni! Odilo anakumbuka kwa sababu mvua ya kwanza ilinyesha.

Kuna matatizo. La kwanza, ni dume. Bwana Gunadasa aliwahi kusema hilo si kizuizi. La pili, Odilo ni Mkatoliki, na Hulda hakuingia kanisa lao hata kujikinga na mvua. Huenda amepelekwa huko ili ajifunze uvumilivu. La tatu, nilimwita mara mbili, akageuka kulia. Lakini ni mdogo bado.

Odilo yuko tayari kuzungumza, ila siku aliyo na nafasi ni moja tu, Alhamisi. Hezekia naye amenikumbusha leo, kwa mdomo wa Fidelia niliyekutana naye sokoni, kwamba ni Alhamisi. Fidelia atakuwa amekwenda Lupembe kwa dada yake. Hezekia atakuwa peke yake siku nzima. Amesema amekumbuka habari moja ya Hulda akiwa msichana, ambayo mimi siijui.

Toka hapa hadi Kichiwa na kurudi ni siku nzima. Haiwezekani kwenda kote kuwili. Nimeketi, nimevuta pumzi, nimetoa, ndama amekataa kulala.

Sijaamua. Nikishaamua, nitaandika.