Pasma ya Dindo

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi moja! Timu ya tenisi ya mkoa inakwenda Manila, na kwa wavulana imebaki nafasi moja tu. Ni yangu au ya Dindo. Jumamosi Kocha Belen atatupima mbio, kuruka na nguvu za kiganja. Dindo ana miaka kumi na mitano na miguu kama vijiti vya mishikaki. Leo tumekimbizwa hadi sote tukalala chini, yeye akauliza kama ndiyo tumemaliza. Kocha akamwita kipanga. Mimi akaniambia nifunge kamba ya kiatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa yake. Bibi akishapiga pasi hagusi maji hata nyumba iungue. Ukinawa mikono ikiwa na joto la kazi unashikwa na pasma: vidole vinatetemeka, nguvu kwisha. Mama yake Dindo ni nesi, na kwao pasma huchekwa. Vizuri. Wacheke.
Baada ya mazoezi nikampelekea ndoo ya maji ya barafu, nikamwambia poza mikono, mdogo wangu. Akatumbukiza hadi viwiko. Akasema ahsante, kaka Elmer, wewe una roho nzuri. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 6 Machi
Hatetemeki! Eti hajawahi kuamka na mikono myepesi hivi. Mipira yake ya kuanzisha sikuiona leo, niliisikia tu. Kocha akamuuliza siri yake. Mjinga yule mwaminifu akanitaja mimi! Sasa timu nzima imeamriwa kutumbukiza mikono. Nikasema nina kidonda. Kocha akasema haya, tukione. Sikuwa nacho. Nikatumbukiza.

Ijumaa, 7 Machi
Nilijua! Tangu asubuhi vidole vinacheza. Kijiko kimenigonga meno mara kadhaa. Bibi akasema nimeyataka mwenyewe, mjukuu gani huyu asiyesikia la mkuu. Kisha akanichua viganja kwa mafuta ya nazi na chumvi. Kesho atanichua tena kabla sijatoka. Amenikataza kunawa.

Jumamosi, 8 Machi
Mbio: wa pili. Wa kwanza sitaki kumwandika. Kuruka: nimemshinda! Kwa upana wa kidole, lakini kushinda ni kushinda. Ikabaki kiganja. Nikashika kile kipimo cha chuma, nikakibana kwa roho yangu yote. Kikaponyoka kama sabuni, kikatua ndani ya bakuli la Kocha la uji wa mchele na kuku. Akajifuta uso. Akaninusa kiganja. Akaniuliza mbele ya watu: wewe umekuja kupimwa au kukaangwa?
Wote wakacheka. Dindo peke yake hakucheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Nafasi kapewa Dindo. Kocha amekuja nyumbani mwenyewe. Akasema wazo langu la barafu limeisaidia timu, kwa hiyo na mimi nitakwenda Manila. Bibi akapiga vigelegele. Kocha akamalizia: kubeba ndoo. Ya Dindo.
Nimekubali. Tutalala chumba kimoja, mimi naye. Bibi amenionya tangu nikiwa mtoto kwamba anayelala na nywele zilizolowa maji macho yake hufifia. Na Dindo ana nywele nyingi.
Nimeshamnunulia shampuu.