Kulihonga Tumbo kwa Mbuzi

Kisangani, Jumatatu, 5 Juni 2000
Mabomu tangu asubuhi! Majeshi mawili ya wageni yanapigania mji usio wao. Tumelala kifudifudi kwenye korido yangu: mimi, mpangaji wangu Angèle ambaye ni muuguzi, na jirani Constant, mtu wa Isangi, aliyekimbilia kwangu na mbuzi wake. Mbuzi, jamani! Naogopa mpaka tumbo linawaka. Nimemeza aspirini mbili kutoka katoni ya dukani kwangu.

Jumanne, 6 Juni
Aspirini nne. Moto umezidi. Angèle ameeleza, chokaa ikituangukia, kwamba tumboni mna asidi na kimeng'enya kiitwacho pepsini. Huilainisha nyama kama majani ya mpapai tunayofungia nyama ngumu. Utelezi ndio hulinda ukuta wa tumbo. Kijidudu au aspirini ikiuharibu, basi, vidonda! Akanikazia macho: "Papa Paluku, tumbo yako iko najikula yeye mwenyewe. Acha aspirine, bon?" Sasa nina vita mbili.

Jumatano, 7 Juni
Wazo! Pepsini inataka nyama? Nitaipa ya mwingine. Nimemnong'oneza Constant kwamba mlio wa mbuzi utatuletea askari. Constant kamchinja huku akilia. Nyama nimeipaka utomvu wa papai bichi, nikaifunga kwa majani. Kisha bomu likaanguka uani, penye jiko. Hakuna aliyethubutu kutoka kuipika.

Alhamisi, 8 Juni
Nimefungua majani. Nyama imekuwa uji! Basi tumbo langu nalo liko hivyo hivyo! Angèle kakataza isiliwe. Nimekula nusu kwa siri. Maumivu makali. Aspirini tatu.

Jumapili, 11 Juni
Bunduki zimenyamaza. Choo changu ni cheusi kama lami. Nimetapika kitu kama unga wa kahawa. Angèle kapiga kelele kuwa ni damu. Constant kanisukuma kwa toroli mpaka hospitali, kupita maiti, bila kumtaja mbuzi hata mara moja. Mungu wangu, sitaki kufa.

Jumanne, 20 Juni
Nyumbani, mzima! Daktari kanipa dawa za kupunguza asidi na za kuua kijidudu, akaniapisha nisiguse tena aspirini. Nimeapa kwa machozi. Jioni Constant kaja kuulizia malipo ya mbuzi wake. Maneno mengi, kichwa kikaanza kunigonga. Nimemeza mbili tu. Ni za kichwa, tumbo halihusiki.