Damiano na Mfumo wa Akina Mama wa Chapwa

Damiano Sichalwe hakujihesabu kuwa mwizi. Mwizi hukimbia, na kukimbia yeye alikuona ni kazi ya watu wasiojua kuongea. Siku hiyo alikuwa kwa kinyozi hapo Tunduma, povu shavu moja, redio ikatangaza tena kwamba serikali inatoa ruzuku kwa wafanyabiashara wadogo wanaoweka mifumo ya kompyuta kwenye biashara zao. Damiano akamsimamisha kinyozi kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu ambao hata kanisani hakuwahi kuuonyesha.

Ilipofika saa nane mchana kitambulisho kilichochapwa stendi kilikuwa kinaning'inia shingoni: Mratibu wa Ruzuku za Kidijitali, Halmashauri. Picha ilipendeza kuliko mwenyewe.

Aliwachagua akina mama wa Chapwa wanaouza mchele wa Kamsamba kwa Wazambia. Wako arobaini, wana umoja, na umoja una sanduku. Alimkuta mwenyekiti, Mama Tabita, stoo, anashona mdomo wa gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watokea wapi?"

"Halmashauri. Mama, mmebahatika! Ruzuku ya mfumo wa kompyuta, milioni tano kwa kila mwanachama, na hairudishwi. Ninyi mnatoa ada ya faili tu, elfu hamsini kila mmoja."

Roho yote ya Damiano ilikuwa kwenye hizo elfu hamsini. Mara arobaini ni milioni mbili taslimu, halafu anavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, na kukaa huko mpaka sura yake isahaulike.

"Ada siyo tatizo," alisema Mama Tabita. "Tatizo sanduku. Lina kufuli tatu na funguo tatu. Mmoja ninao mimi. Wa pili anao Ferista, yuko msibani kwa shemeji yake Nakonde. Wa tatu anao Enesi, yuko Ihanda anachuma kahawa. Katiba inataka tuwe wote watatu. Tukiwa tunawasubiri, si utuwekee huo mfumo, tuuone?"

Damiano aliwahi kufanya kazi miaka miwili kwenye duka la kompyuta, kwa hiyo hakuogopa. Ndoano bila chambo haivui kitu. Akakubali.

Msomaji asiharakishe kumhurumia Mama Tabita. Kijana alipopinda kona tu, mama alimpigia simu Bwana Lusubilo, afisa wa kweli wa halmashauri. Ruzuku ina ada? Haina hata senti. Ruzuku yenyewe ilikuwepo. Umoja ulishaiomba ukakataliwa, kwa kuwa hesabu zao zilikuwa kwenye madaftari. Walitakiwa waonyeshe mfumo unaofanya kazi kabla ya tarehe thelathini, na fundi wa Mbeya alikuwa ametaka milioni tatu kuutengeneza.

"Tumwitie vijana wamchape," alisema Ferista, yule wa msibani Nakonde, akitokea nyuma ya magunia.

"Ukimchapa unapata nini? Damu kwenye mchele. Huyu kompyuta anaijua. Mwacheni afanye kazi."

Kesho yake Damiano alifika na laptopu ya kuazima. Mbele kabisa walikaa wanafunzi wawili hodari, Mama Violet na Mama Jairo. Mtu aliyezaliwa Tunduma angepaswa kujua kwamba mama mwenye mtoto huitwa kwa mtoto, na jina lake la ubatizo hulijua mchungaji tu. Damiano hakuuliza. Mjanja haulizi.

Akawaingizia magunia yote kwenye mfumo, daraja kwa daraja. Akawafundisha kutoa risiti kwa simu. Wiki ikaisha, kahawa ya Ihanda bado inaiva. Ya pili ikaisha, msiba wa Nakonde ukazaa msiba mwingine. Wiki ya tatu uvumilivu ulimwishia.

"Mama Violet, hivi huyu Ferista shemeji zake wataisha lini?"

"Mungu ndiye anajua, mwanangu," alijibu Mama Violet kwa huzuni nzito. "Hebu nionyeshe tena pale pa kufuta."

Tarehe ishirini na nane simu ikaita. "Njoo, wenye funguo wamerudi." Damiano alifika na begi mgongoni, bodaboda ikimngoja nje impeleke mpakani. Ndani ya stoo alikuta mwanamume mwenye kitambulisho kama chake, ila hiki hakikuchapwa stendi.

Mama Jairo alikuwa anauza gunia. Akabonyeza, na risiti ikalia kwenye simu ya Mzambia aliyekuwa mlangoni. Bwana Lusubilo akavua miwani.

"Nani kawatengenezea hii?"

"Huyu hapa," alisema Mama Tabita.

Kitambulisho cha Damiano kilikuwa kimeshazama ndani ya shati. 

"Ofisi gani, kijana?"

"Mimi... mimi ni raia tu, mheshimiwa."

"Na gharama ya mfumo niandike ngapi?"

"Amejitolea," alisema Mama Tabita kwa upole. "Au siyo, mwanangu? Kama siyo, mweleze afisa mwenyewe ulivyokuja."

Akina mama arobaini walimtazama. Damiano akasaini: nimejitolea kwa hiari yangu, sidai chochote, leo wala kesho. Bwana Lusubilo alimshika mkono kwa nguvu, akasema nchi inawahitaji vijana kama yeye, akaondoka na fomu.

"Na wenye funguo?" Damiano aliuliza kwa sauti iliyobaki.

Mama Violet na Mama Jairo wakanyoosha mikono, kila mmoja na ufunguo wake: ndio Ferista na Enesi wenyewe. Sanduku likafunguliwa. Ndani mlikuwa na mfuko wa mchele, kilo tano.

"Fedha zetu ziko benki tangu mwaka juzi," alisema Mama Tabita. "Huu ni wa asante. Uupike kwa maji kidogo."

Nje, dereva wa bodaboda aliwasha pikipiki. "Nakonde, kaka?"

"Nirudishe nyumbani," alisema Damiano, mchele kifuani, machozi yakimlenga. "Na uwe makini, ndugu yangu. Mji huu umejaa matapeli."