Jinsi Lusungu wa Tunduma Alivyomnyanyua Gwantwa

Sogeeni, enyi mliokwama kwenye foleni ya malori, nanyi wabadili fedha, acheni kelele kidogo! Sikieni habari za Lusungu, shujaa mwembamba, simba wa besi katika kwaya ya vijana, ambaye kifua chake kilijaa ushujaa wote ambao mikono yake iliukosa.

Kando ya foleni hiyo ya malori, vijana wa Tunduma walikuwa wakirekodi kwa simu filamu ya nyimbo, kisa cha wapenzi wawili wa miaka ya hamsini: binti mpole wa mashamba ya kahawa ya Mbozi, na utingo mtukutu mwenye nywele zinazong'aa mafuta. Utingo alikuwa Lusungu, ambaye hata kuvuka barabara humuaga mama yake. Binti mpole alikuwa Gwantwa, asiyejua upole ni nini, na aliyempita shujaa wetu kwa kichwa kizima. Lusungu alimpenda tangu mazoezi yalipoanza, wala hakuwahi kupata neno la kumwambia.

Ndipo Fides, malkia wa filamu, mwenye mamlaka juu ya simu na kigoda, alipotoa amri ya kutisha: wimbo ukiisha, utingo atamnyanyua binti.

"Ukishindwa," alisema, "nafasi nampa Sebastian."

Sebastian alikuwa ameketi juu ya tairi, akitunisha misuli bila kuombwa na mtu.

Lusungu akasonga mbele kama jeshi zima, akakishika kiuno cha Gwantwa, akavuta. Ardhi ikatetemeka! Kumbe ni magoti yake. Akavuta tena kwa hasira. Wote wawili wakaanguka mavumbini, na lile gauni pana la kizamani likamfunika shujaa kama hema la vita.

"Awe, mune!" akapaza sauti dereva mmoja wa Zambia, yaani hapana, rafiki. "Hapo tafuta kreni!"

"Kreni kamnyanyulie mkeo!" Gwantwa akamjibu, akijikung'uta.

Lusungu akainuka, akanyoosha mkono mbinguni. "Ewe Gwantwa, mnara wa mpakani! Iwapo mgongo huu umeandikiwa kuvunjika, heri uvunjike leo mbele yako, kuliko kubaki mzima nikimtazama Sebastian akikushika!"

Gwantwa akamkodolea macho. Maana hapo, bila kukusudia, neno lilikuwa limetoka.

"Sawa," akasema taratibu. "Ila kunja magoti kwanza. Na upumue basi."

Muziki ukarudi. Lusungu akakunja magoti, akapumua, akanguruma, mishipa ya shingo ikamsimama kama kamba za turubai. Na tazama, nyayo za Gwantwa zikaiacha ardhi! Zikapaa kimo cha unene wa kandambili, zikatulia huko juu muda wa chafya, zikatua. Honi za malori zikalia, kwa kuwa foleni ilikuwa imesogea. Lusungu akazipokea kama mizinga ya heshima.

Wakaizunguka simu. Ole! Picha ilianzia kiunoni kwenda juu. Alionekana kijana mfupi tu, amemkumbatia msichana, macho yamemtoka.

"Hajanyanyuka huyo," akasema Sebastian.

Lusungu akainamisha kichwa.

"Nilinyanyuka," akasema Gwantwa. "Miguu ni yangu, mimi ndo najua. Fides, nafasi ni yake." Akamfuta Lusungu vumbi shavuni, polepole kuliko vumbi lilivyohitaji.

Basi na ijulikane, toka joto la Kamsamba hadi baridi ya Mbebe, kwamba ushindi ulipatikana Tunduma mchana kweupe. Na kwamba mshindi alirejea nyumbani amepinda kama ndizi, akalala kifudifudi mama yake akimchua mgongo, naye akiimba besi kwa furaha hadi jirani akagonga ukuta.