Ng'ombe Anayesema Sufuria

Jumatatu, 8 Juni

Hili sijamwambia mtu. Si mama, si hata Mungu kwa sauti. Programu ya watoto haiharibiki yenyewe. Mimi ndiye ninayeiharibu.

Nieleze. Programu inaitwa Mche. Inafundisha watoto wadogo kusoma: unabonyeza picha, inataja jina. Ni programu huria, yaani mtu yeyote duniani anaweza kuifungua, kuirekebisha na kuirudisha ikiwa bora. Ilipotufikia ilikuwa inaongea Kiingereza cha puani. Klabu yetu ya kompyuta ikaamua kuitia Kiswahili, watoto wa shule ya msingi hapo jirani waitumie. Sauti zote ni za Namalwa. Anayejua kurekebisha ni Namalwa. Mtu pekee katika kidato cha tatu anayeongea nami bila kutumwa na mwalimu ni Namalwa.

Na wiki jana akaniambia baba yake, Mzee Walubengo, amesimamishwa kazi kwenye stoo ya mahindi. Mwezi ukiisha wanarudi kwao Kimilili. Wote, na vyombo.

Nikafikiri. Mimi nikifikiri huwa ni hatari. Programu ikikamilika, hakuna anayemhitaji Namalwa hapa. Isipokamilika, Madam Chelimo wa kompyuta atakwenda kwa mwalimu mkuu aseme msichana huyu haendi popote, kazi bado. Kwa hivyo isikamilike!

Leo nimegusa mahali pawili. Nambari zinaruka kutoka sita hadi nane. Herufi M haipo. Rahisi ajabu. Mashine ya maabara haikuniuliza hata jina.

Jumanne, 9 Juni

Ushindi! Namalwa ameitafuta saba mapumziko yote, mimi kando yake. Tulikuwa na soksi tu, maana Madam haruhusu kiatu chenye matope ndani ya maabara, na mvua hii ya Yamumbi haimwachi mtu msafi. Soksi yangu ina tundu. Nilikunja kidole gumba hadi kikafa ganzi.

Dennis akaharibu. Dennis anajiita Injinia na anaandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Akatangaza kwamba mimi, Kipyego, ni kama kipanya cha kompyuta, kinashikwa tu, hakisemi. Wote wakacheka. Namalwa akamwambia, Injinia, mashine unayoijua wewe ni hiyo stuli umekalia. Nilitaka kucheka pia lakini nikachelewa, nikacheka peke yangu.

Kengele kabla haijalia, saba ilikuwa imerudi. M pia. Msichana huyu ni mwepesi mno. Nahitaji kosa lililojificha.

Jumatano, 10 Juni

Nimelipata. Ukibonyeza picha ya ng'ombe, sasa inasema sufuria. Nani atajaribu ng'ombe? Huku kwetu mtoto anajua ng'ombe kabla ya kujua jina lake. Litakaa humo hadi Krismasi.

Alhamisi, 11 Juni

Nimekwisha.

Madam ametukusanya. Kesho wanakuja wageni kutoka Chepkoilel wanaotafuta mwanafunzi wa kufadhili: karo na nafasi ya bweni hadi kidato cha nne. Jina la Namalwa alilipeleka zamani, kimyakimya, asimpe tumaini la bure. Wakiona Mche inafanya kazi vizuri, Namalwa habebi hata sanduku. Namalwa akavuta sweta akafunika uso, akalia humo ndani.

Mpango mpya: kumrudisha ng'ombe. Nilihitaji mashine tu. Dennis alikuwa ameikalia, anaandika hotuba ya kukaribisha wageni. Nikasimama nyuma yake saa nzima ya chakula. Maneno yenyewe ni machache, toka hapo kidogo tafadhali. Hayakutoka. Dennis akadhani ninamstaajabia. Akageuka akaniambia nisikate tamaa, hata mainjinia walizaliwa wadogo.

Kisha mvua. Kisha stima ikapotea, mashine zote zikazima. Kisha Madam akafunga mlango akaondoka na ufunguo.

Ijumaa, 12 Juni

Nilikimbia toka nyumbani alfajiri. Bure. Mlango ulipofunguliwa, wageni walikuwa wamefika, wanakunywa chai, na watoto wa gredi ya pili wamepangwa safu, mikono imekunjwa.

Wakamchagua Adoyo, kitoto kisichoogopa kitu. Akahesabu hadi kumi. Makofi. Akasoma herufi. Makofi. Akabonyeza ng'ombe.

Sufuria, ikasema sauti tamu ya Namalwa.

Adoyo akamtazama ng'ombe. Akamtazama Madam. Kisha akafanya tulichofundishwa sote tangu chekechea: mwalimu akisema, unarudia. "Sufuria!" Na safu nzima nyuma yake, kwa nguvu zote: "SU-FU-RIA!"

Mgeni akaomba ajaribu tena. Ng'ombe. Sufuria. SU-FU-RIA! Mgeni mmoja akacheka hadi chai ikamwagika. Hapo Adoyo akajua ni yeye anayechekwa. Akaanza kulia, akisema kwao wana ng'ombe watatu na hakuna hata mmoja aliye sufuria.

Mgeni wa pili hakucheka. Akauliza nani aliigusa mwisho. Katika kazi hii kila badiliko linabaki na tarehe na jina la aliyelifanya. Dennis akaruka kama ameitwa mbinguni, akafungua, akasoma kwa sauti: Namalwa.

Ndipo nikaelewa kwa nini mashine haikuniuliza jina. Ilikuwa na jina tayari. Lake.

Madam akamuuliza polepole kama ni kweli. Namalwa aligeuka akanitazama. Akangoja. Nafasi ilikuwepo. Mtu angeweza kusali Baba Yetu yote, na amina. Mimi nikatazama soksi zangu.

Akasema, ndiyo Madam, ni mimi.

Wageni wakashukuru kwa chai. Wakasema wataangalia tena mwaka ujao.

Jumamosi, 13 Juni

Nilienda kwao kuungama. Nilifanya mazoezi njia nzima, hadi mbwa wakanibwekea. Nikakuta pikapu ya mjomba wao langoni. Hakuna tena sababu ya kungojea mwisho wa mwezi, wanaondoka leo.

Kabla sijafungua mdomo, mama yake, Mama Nakhumicha, akanipa ncha ya godoro. Nikabeba godoro, jiko, meza, kuku. Kuku akanidonoa. Alikuwa na haki. Mama akasema wengine wote wamejificha, mtoto huyu ndiye rafiki wa kweli, Mungu akuzidishie. Laiti angenipiga.

Namalwa alinifuata nyuma ya pikapu. Akasema alijua palepale Ijumaa, maana kila siku nilikuwa nimeketi ubavuni kwake na sikuwahi kugundua kosa hata moja, mimi ambaye huona hata nukta ikikosekana. Hakunigombeza. Aliniomba kitu kimoja: nimrekebishe ng'ombe. Adoyo hataki tena kugusa kompyuta.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kusema nisamehe. Nikasema safari njema.

Jumatano, 17 Juni

Leo nimeifungua Mche. Nikabonyeza ng'ombe. Sauti yake. Nikabonyeza tena. Na tena. Dennis akauliza kama nina njaa.

Adoyo alikuja na wenzake. Alikaa mwisho kabisa, mikono ameikalia.

Nilikuwa tayari kurekebisha, wallahi. Faili liko wazi, kidole kiko juu. Kisha nikafikiri. Programu ni huria. Kimilili kuna intaneti. Namalwa hawezi kulala na kosa. Akijua ng'ombe bado ni sufuria, ataingia kutoka hukohuko alirekebishe mwenyewe, nami nitaona jina lake likitokea pale, na tarehe. Nikirekebisha mimi, atakuja kutafuta nini?

Nimemwacha ng'ombe. Nimeongeza mbuzi. Anasema kijiko.

Madam ameamuru kila mtu aandike jina lake kabla ya kugusa kitu. Niliandika K. Nikaifuta. Nikaandika Dennis.

Kuna mtu anabisha hodi huko nje. Sauti ya Madam Chelimo! Hajawahi kuja kwetu. Mama anamwambia karibu mwalimu, yuko chumbani anasoma, huyu wangu hasumbui mtu. Sasa ni nyayo kwenye saruji, za watu wawili, zinakuja huku. Ukurasa huu unaingia chini ya mto.

Nitasema ni Dennis.